"Wewe mtu wa wapi?" Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubaguzi Dar es Salaam

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Meza yangu iko kibarazani, Temeke, hatua chache kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Si wakili, kazi yangu ni kusikiliza, kuandika, na kumwelekeza mtu mlango wa kugonga. Wanaokuja kwangu hawaanzi kwa kusema wamebaguliwa. Wanaanza na "samahani, naomba kuuliza tu." Neno ubaguzi wengi wetu tumeliwekea Makaburu wa Afrika Kusini, kwa hiyo likitukuta Tandika au Kariakoo tunaliita bahati mbaya. Maswali haya ndiyo yanayorudi zaidi.

Kuulizwa "wewe mtu wa wapi?" ni ubaguzi?

Peke yake, hapana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wana kwao kwingine. Mtu akikuuliza hivyo kwenye foleni ya mwendokasi, mara nyingi anatafuta mtani, shemeji, au mtu atakayempa salamu za nyumbani.

Kipimo changu ni hiki: jibu lako linabadilisha kitakachofuata? Ukisema "Mha wa Kasulu" na mazungumzo yakaendelea, hapo hakuna neno. Ukisema hivyo na chumba kilichokuwepo asubuhi kikawa "kimeshachukuliwa", basi swali lilikuwa chujio.

Yalinikuta mwenyewe. Nilikuwa natafuta chumba, dalali akanihakikishia kwenye simu kwamba kipo, choo cha ndani, umeme wa kujitegemea, kila kitu. Akaniomba majina yangu matatu "nimwambie mama mwenye nyumba." Nilipofika jina la tatu, ambalo kwa Mtanzania yeyote linataja mkoa, akanyamaza. Kisha: "Ngoja nikupigie, kaka." Hajapiga mpaka leo. Serikali yenyewe haijauliza kabila wala dini kwenye sensa tangu ile ya 1967, lakini dalali anauliza kila siku na hakuna anayemhoji.

Na utani wa makabila?

Hapa naomba tusikimbilie polisi. Utani una kanuni zake. Msukuma na Mnyamwezi wanataniana na Mzaramo tangu enzi za misafara iliyokuwa ikishuka pwani. Mhehe na Mngoni walipigana vita ndipo wakawa watani. Mchaga na Mpare hawakutani bila kurushiana maneno ya pesa na ubahili. Mtani anakuvamia msibani na kudai hela ya kumtoa maiti, na wewe kesho unamrudishia. Ndiyo maana yake: unarudi, na hauchukui kitu cha mtu.

Meneja anayemwita mlinzi wake "we Mmakonde" kila asubuhi mbele ya wateja, huku mlinzi hana ruhusa ya kumjibu, hatanii. Utani wa upande mmoja una jina jingine. Sheria ya kazi inayahesabu manyanyaso ya namna hiyo kuwa sehemu ya ubaguzi.

Kisheria, kubagua ni nini hasa?

Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 13. Inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Neno jinsia liliongezwa mwaka 2000. Ulemavu na VVU havimo kwenye orodha hiyo. Vilikuja kushughulikiwa na sheria zake, ya VVU na UKIMWI mwaka 2008 na ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Sasa soma kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapotumbukia. Ibara ile inamkataza mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria, au anayetekeleza kazi ya dola. Inambana afisa. Inaibana ofisi ya umma. Mzee mwenye vyumba sita Mbagala, ambaye madaraka yake yanatokana na mabati aliyonunua mwenyewe, hatajwi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nusu ya majibu yaliyobaki.

Mwenye nyumba amenikatalia chumba kwa sababu ya dini yangu, au kwa kuwa ni mwanamke nisiye na mume. Nimshtaki?

Swali hili ndilo la kwanza kwa wingi, na ndilo ninalolijibu kwa shida. Hatuna sheria ya nyumba inayomlazimisha mtu binafsi kumpangisha asiyemtaka. Ile ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kati ya mpangaji na mwenye nyumba kinachotawala zaidi ni mkataba. Ukikataliwa kabla ya mkataba, mkononi huna kitu.

Najua jibu hili linaudhi. Dada mmoja aliniangalia akaniuliza, "Kwa hiyo akisema hataki wanawake wasioolewa kwa sababu wataleta wanaume, ni haki yake?" Nikamwambia si haki, ila si kosa nitakaloweza kulipeleka mahali. Hayo ni mambo mawili, na yeye alitegemea nitaje moja.

Nakiri pia kwamba nyumba zetu za uani zinachanganya mambo. Choo kimoja, bomba moja, majiko yote kwenye ukumbi ule ule, na mwenye nyumba mwenyewe analala chumba cha mbele. Anayesema "humu ndani hatupiki kitimoto" anaweka kanuni ya nyumba, na mpangaji Mkristo anaweza kuikubali au kutafuta kwingine. Anayesema "Wakristo sipangishi" amekwenda mbali zaidi. Wapo wanaoitumia ile ya kwanza kuificha hii ya pili.

Yapo mazingira matatu ambapo una pa kushika. La kwanza, kama umeshalipa. Kodi ya miezi sita imeshapokelewa, mwezi wa pili anagundua unasali wapi, anakwambia uhame. Hapo una mkataba, hata kama uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, na unadai muda wako au hela yako. Anzeni serikali ya mtaa. Ikishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. La pili, kama mwenye nyumba ni chombo cha umma, mfano Shirika la Nyumba la Taifa. Hao Katiba inawagusa moja kwa moja. La tatu ni VVU, nitalieleza chini.

Na dalali? Kama alichukua hela ya kukupeleka kuona chumba alichojua hutapewa, mdai hela yako. Si kesi ya ubaguzi, ni deni tu, lakini mara nyingi ndiyo pesa pekee inayorudi.

Nimenyimwa kazi, au nimefukuzwa. Hapo je?

Hapo sheria ina meno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, rangi, utaifa, mahali ulipotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri au hali ya maisha. Hebu linganisha na orodha ya Katiba uone ilivyorefuka.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu hawavijui. Kwanza, "mfanyakazi" katika kifungu hicho ni pamoja na aliyeomba kazi tu, na "mwajiri" ni pamoja na wakala wa ajira. Tangazo la "anahitajika binti, umri 18 hadi 25, mwenye mvuto" kwa kazi ya kuuza vitenge linaingia humo. Tumelizoea tu. Hata yule dalali wa wasichana wa kazi anayekuuliza kama unataka wa Iringa au wa Singida, kana kwamba anauza mchele, anagusa kifungu hicho hicho.

Pili, ukishaonyesha dalili za msingi kwamba ulibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye athibitishe kwamba haikuwa hivyo. Katika kesi nyingi za kawaida anayedai ndiye hubeba mzigo wote, hapa mnagawana.

Tatu, siku. Malalamiko yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA. Kama umeachishwa kazi, una siku 30. Kwa mgogoro mwingine wowote, siku 60. Nimeona kesi nzuri kabisa, zenye ujumbe wa simu na mashahidi, zikafia hapo kwa sababu mhusika alikuwa anasubiri bosi "atulie". Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nafikiria" haitoshi.

Wale mlio kazini chini ya miezi sita, mtaambiwa hamna haki ya kulalamikia kufukuzwa. Ni kweli kwa sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi isivyo halali. Kifungu cha ubaguzi hakina kikomo hicho cha miezi.

Mwajiri hawezi kuchagua kabisa?

Anaweza. Kama sifa fulani ni hitaji la kazi yenyewe, si ubaguzi. Mhudumu wa bafu la wanawake anaweza kutakiwa awe mwanamke. Shida ni kwamba waajiri wamelifanya neno "hitaji la kazi" kuwa kanga ya kujitandia. Niliwahi kusoma barua inayosema dereva hatakiwi kuwa na watoto wadogo kwa sababu "kazi inahitaji utulivu." Aliyeandikiwa alikuwa mama, madereva wenzake wanaume walikuwa na watoto wanane kwa jumla.

Naruhusiwa kuvaa hijabu kazini?

Dini imo kwenye orodha, na Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Mwajiri akikataa anatakiwa kuwa na sababu inayotokana na kazi, kama mashine inayozunguka inayoweza kunasa kitambaa, na hata hapo kuna namna ya kufunga inayobana. "Wateja wetu hawapendi" haimo.

Nimepata mimba nikaambiwa niandike barua ya kuacha kazi.

Usiandike. Nasema tena, dada yangu, usiandike. Ukiandika itaonekana umeacha mwenyewe, na kukusaidia kutakuwa kugumu. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito sheria haikuhesabu kamwe kuwa sababu ya haki. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha.

Nina VVU. Mwenye nyumba au bosi akijua?

Sheria ya 2008 ni tofauti na nyingine kwa sababu inasema na kila mtu. Hakuna anayeruhusiwa kumnyima mtu kazi, huduma au mahali pa kuishi kwa sababu ya VVU. Kwa hiyo mwenye nyumba yule yule ambaye juu nilisema siwezi kumgusa, hapa naweza. Bosi naye haruhusiwi kukulazimisha upime ili akuajiri, na mhudumu wa afya aliyetoa siri yako amevunja sheria.

Ninachokiona mtaani ni cha kimya zaidi. Kikombe chako kinatengwa. Watoto wanaitwa ndani ukitokea. Mama ntilie anaacha kupata wateja bila mtu kusema neno. Hakuna fomu ya kujaza kwa ajili ya kikombe, na mara nyingi nimeishia kwenda kuzungumza na mjumbe kuliko kuandika barua.

Tuseme "albino", "zeruzeru" au nini?

Sema mtu mwenye ualbino, au bora zaidi, jina lake. "Zeruzeru" liache. Na kuna neno vijana wanalitupa vituoni wakidhani wanachekesha: "dili". Maana yake ni kwamba mwili wa huyo mtu una bei. Neno hilo linatokana na mauaji halisi, yaliyofanyika kwa sababu waganga waliwadanganya watu kwamba viungo vya wenye ualbino vinaleta utajiri. Kijana anayelisema Mwenge anatania, labda. Anayelisikia hana namna ya kujua.

Dar haikuwa kitovu cha mauaji yale. Mengi yalitokea Kanda ya Ziwa. Hapa ubaguzi huja kwa sura ya kazi na jua. Mtu mwenye ualbino anapewa kazi ya nje, kugawa vipeperushi Posta saa saba mchana, na akiomba ndani anaambiwa anadeka. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga haidekezwi, inaungua, na baada ya miaka inapata saratani. Waulizeni hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni vifaa vya kazi kwake kama buti kwa fundi. Hali kadhalika macho: wengi wana uoni hafifu, na mtoto akikalishwa nyuma darasani atahesabiwa mjinga kabla hajajaribiwa.

Tumewahi kuwa na mbunge wa kuchaguliwa mwenye ualbino, Salum Barwani wa Lindi Mjini, mwaka 2010, na naibu waziri, Dk. Abdallah Possi, mwaka 2015. Nawataja kwa sababu kila mwaka anakuja mzazi anayeniuliza kama inafaa kumsomesha mtoto wa namna hiyo.

Na maneno ya ulemavu mengine?

Muulize mwenyewe. Watu wengi wenye adabu wanaogopa kusema "kiziwi", lakini chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania na hawana tatizo nalo. Wanachokichukia ni "bubu". Kwa hiyo adabu ya kubahatisha haifai kitu.

Sheria inasema nini kuhusu ajira za watu wenye ulemavu?

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Ukiwa na wafanyakazi 100, ni watatu. Pandeni ghorofa za Kariakoo, zile ambazo lifti imegeuzwa stoo ya mabegi, mhesabu.

Konda akimkataa mwanafunzi, nao ni ubaguzi?

Ni ukiukaji wa masharti ya leseni ya gari. Chukua namba za gari, peleka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Ninauweka hapa kwa sababu ndipo watoto wetu wanapojifunza kwanza kwamba kuna watu wa kupandishwa na watu wa kuachwa.

Natoka Kigoma. Kila ofisi naambiwa ni Mrundi.

Uraia wa kuzaliwa, kwa namna Sheria ya Uraia ya 1995 inavyotumika maofisini, unategemea uraia wa wazazi. Lafudhi haimo. Pua haimo. Anayekuhudumia ana haki ya kuomba vyeti, na wewe una haki ya kuombwa vyeti vile vile anavyoombwa mtu wa Tanga. Ukidaiwa cheti cha babu ambacho aliyekutangulia dirishani hakudaiwa, omba uandikiwe kwa barua kwamba kinahitajika na kwa kifungu gani. Nimeona mara kadhaa hitaji likitoweka mtu alipoombwa kuliandika.

Hapa Ibara ya 13 inafanya kazi sawasawa, maana huyo ni afisa, tena kabila na mahali mtu alipotokea vimetajwa humo.

Wahindi nao hawatupangishi Upanga. Kwa nini mnasema Waafrika ndio wabaguzi?

Sijasema hivyo. Ila historia ya mji huu inasaidia. Waingereza waliugawa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati kama ukuta usio na matofali. Cha kuangalia ni kwamba kanuni zao hazikutaja rangi. Zilitaja aina ya nyumba. Ukanda huu ujengwe nyumba za kiwango hiki, ule za kiwango kile, na umaskini ulimaliza kazi iliyobaki. Yule dalali wangu mbinu yake aliirithi mahali.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika ukumbi wa Karimjee, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kabisa, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Miaka ya tisini neno "gabachori", walilotukaniwa Wahindi, lilirudisha mjadala ule mitaani. Kwa hiyo ndiyo, mwenye ghorofa anayekataa weusi anabagua, na anayemrushia "gabachori" mtoto wake aliyezaliwa Aga Khan na hajui nchi nyingine naye anabagua. Wote wawili, kwa bahati mbaya, ni watu binafsi. Rudi kwenye swali la nyumba.

Na mtu anayeshukiwa kuwa shoga?

Kanuni ya Adhabu inahesabu tendo la mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, na mwelekeo wa kimapenzi haumo kwenye orodha zozote nilizozitaja. Hilo ndilo jibu la sheria. Lakini hakuna sheria inayompa jirani ruhusa ya kumpiga mtu, kumvunjia mlango au kumchukulia simu. Hayo ni shambulio na wizi kwa yeyote atakayefanyiwa, na malalamiko nimeyapokea na kuyaandika kama ninavyoandika mengine.

Nimetukanwa kabila langu mtandaoni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu kuhusu maudhui na matusi ya kibaguzi. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na tarehe kabla hujajibu, maana ukijibu kwa hasira mtakuwa watuhumiwa wawili.

Niweke ushahidi gani?

Daftari. Siku, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Andika jioni ile ile. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiufute hata kama unakuumiza kuusikiliza. Kama umenyimwa kazi, muulize mwajiri sababu kwa maandishi, kwa upole. Wengi hujibu kabla hawajafikiri. Na kama rafiki wa kabila jingine alipiga simu nusu saa baadaye akaambiwa chumba kipo, huyo ni shahidi, mwandike jina.

Niende wapi, na ni bei gani?

Mambo ya kazi, CMA. Malalamiko dhidi ya ofisi ya umma, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya 2001 na haitozi kitu. Ila jua kwamba inachunguza na kupendekeza, haitoi hukumu kama mahakama. Kesi ya Katiba inafunguliwa Mahakama Kuu, na ni ngumu kuiendesha bila wakili. Kwa ushauri wa bure kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na kwa wanawake kuna TAWLA na WLAC. Wasaidizi kama mimi tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hatutakiwi kukulipisha. Akikutoza mtu anayejiita msaidizi wa kisheria, naye mlete tumwandike.

Nikilalamika si ndiyo nitafukuzwa kabisa?

Inawezekana akajaribu. Kukufukuza kwa sababu umetumia haki yako ya kisheria nako si halali, na siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo ya kufukuzwa. Njoo na barua, hata kama imechanwa.